UHAMISHAJI WA MAKTABA ZA PROGRAMU NA HATIMA YA KISWAHILI CHA KIVU: MFANO WA MUBI

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maktaba za programu zilizoandikwa na watu wengine zinavyohamishiwa katika mfumo wa uendeshaji wa kompyuta au wa simu, na athari za kazi hiyo kwa lugha ya Kiswahili. Kwa kawaida suala hili huachiwa wahandisi, na wanaisimu hulitazama kwa mbali kana kwamba haliwahusu. Itadhihirika kwamba linawahusu sana. Ndani ya maktaba hizo mna majina ya siku na miezi, namna ya kuandika tarakimu, mpangilio wa alfabeti na majina ya nchi. Maktaba inapohamishwa, lugha iliyomo huhamishwa pamoja nayo. Na ikipunguzwa ili iingie mahali padogo, lugha nayo hupunguzwa.

Mfano utakaotumika ni wa Mubi, mji mdogo wa biashara katika Teritori ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maktaba itakayochunguzwa ni ile ijulikanayo kwa kifupi kama ICU, ambayo kazi yake ni kuiwezesha kompyuta kushughulikia lugha za dunia. Sehemu ya pili inafafanua istilahi. Sehemu ya tatu inaonyesha namna maktaba hiyo ilivyoingizwa katika mifumo mitatu. Sehemu ya nne inaeleza hali ya Kiswahili cha Kongo ndani yake. Sehemu ya tano inarejea Mubi, na ya mwisho inatoa pendekezo.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

2.1 Maktaba na kiunzi

Maktaba ya programu ni mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ambazo mwandishi wa programu nyingine huziita zimfanyie kazi fulani. Mtu anayeandika programu ya kutunza hesabu za duka hana haja ya kubuni upya njia ya kuandika tarehe. Huita amri ya maktaba, naye huletewa tarehe iliyo tayari.

Kiunzi cha mfumo wa uendeshaji ni kitu kikubwa zaidi. Ni jumla ya maktaba, kanuni na majina ambayo mfumo huwapa waandishi wote wa programu zitakazotumika juu yake. Tofauti ya msingi ni kwamba programu huiita maktaba inapoihitaji, ilhali kiunzi ndicho kinachoipangia programu utaratibu wa kuishi. Kwa hiyo maktaba ya mtu mwingine inapoingizwa katika kiunzi huwa kama mgeni aliyehamia nyumba ya watu. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maktaba nayo haiwezi kukaa kigeni daima. Sharti ifuate taratibu za mwenyeji na ifanye kazi kwa zana zake.

2.2 Kazi ya kuhamisha

Kuhamisha maktaba si kunakili mafaili tu. Kuna mambo yasiyopungua manne ya kushughulikiwa.

Jambo la kwanza ni mashine. Msimbo wa maktaba hutafsiriwa upya ili uwe katika lugha ya mashine inayohusika, na mashine hazifanani. Baadhi huhifadhi namba kubwa kwa kuanza na baiti ndogo, nyingine huanza na baiti kubwa. Faili la data la ICU hudhihirisha tofauti hiyo katika jina lake: lenye herufi l ni la mashine za namna ya kwanza, na lenye herufi b ni la mashine za namna ya pili. Faili lililoandaliwa kwa aina moja halisomeki katika aina ya pili bila kugeuzwa.

Jambo la pili ni mahitaji ya maktaba kwa mwenyeji. Maktaba huuliza saa, hufungua mafaili na huomba nafasi katika kumbukumbu, na kila mfumo una njia yake ya kujibu maombi hayo. Waandishi wenye busara hukusanya maombi ya namna hii mahali pamoja. Katika ICU mengi yao yamewekwa katika faili liitwalo putil, ili anayehamisha ajue pa kuanzia asilazimike kupekua maelfu ya kurasa.

Jambo la tatu ni majina. Ikiwa programu imekuja na nakala yake ya maktaba, na mfumo nao una nakala nyingine yenye majina yale yale, amri moja inaweza kuitwa ikaitika nyingine.

Jambo la nne ni matunzo. Anayehamisha hubadilisha hapa na pale ili mambo yaende. Mabadiliko hayo huitwa viraka. Maktaba asilia ikitoa toleo jipya, viraka vyote hubandikwa upya na kujaribiwa upya. Ndiyo sababu wahandisi wenye uzoefu hushikilia kanuni moja: kosa lirekebishwe kwenye chanzo, si kwenye nakala. Kiraka kilichobaki kwenye nakala hulipiwa gharama kila mwaka, na humfaa mwenye nakala hiyo peke yake.

3.0 Maktaba Moja, Wenyeji Watatu

Asili ya ICU ni kampuni ya Taligent, iliyoundwa kwa ubia wa Apple na IBM katika muongo wa 1990. Sehemu ya kazi yake iliingia katika toleo la 1.1 la lugha ya programu ya Java, lililotolewa mwaka 1997. Kutoka Java msimbo ulihamishiwa katika lugha ya C++. Yaani maktaba yenyewe, tangu mwanzo wake, ni zao la uhamishaji. Mwaka 1999 IBM iliitoa iwe huru kwa yeyote kuitumia na kuibadilisha, na mwaka 2016 ikawekwa chini ya Jumuiya ya Unicode.

Data za lugha zinazotumiwa na maktaba hii hutoka katika hazina iitwayo CLDR, ambayo imekuwa chini ya jumuiya hiyo tangu mwaka 2004. Ni vema msomaji azingatie mgawanyo huu: ICU ni mashine ya kusaga, na CLDR ni ghala ya nafaka.

Mifumo mitatu iliyoichukua ICU ilifanya hivyo kwa njia tatu. Apple iliifanya kuwa maktaba ya ndani ya mfumo wake. Waandishi wa programu hawaiiti moja kwa moja. Huita kiunzi cha Apple, nacho ndicho kinachoiita ICU nyuma ya pazia.

Android, katika toleo la 7.0 la mwaka 2016, iliifungua sehemu ya ICU ya Java kwa waandishi wote, lakini iliibadilisha jina. Amri zilizokuwa chini ya jina com.ibm.icu ziliwekwa chini ya jina android.icu. Sababu ni ile iliyotajwa hapo juu: programu nyingi zilikuwa zimekwisha kubeba nakala zake zenye jina la zamani, na bila kutenganisha majina nakala mbili zingegongana.

Windows 10 iliiingiza ICU katika toleo la mwaka 2017, lakini ilifungua amri za lugha ya C peke yake. Amri za C++ ziliachwa nje kwa kuwa umbo lake katika lugha ya mashine hubadilika kutoka toleo hadi toleo, na mfumo wa uendeshaji hauwezi kuahidi kisichotulia.

Wenyeji hawa watatu wanatofautiana katika kila jambo isipokuwa moja: wote hupokea data za lugha kutoka chanzo kile kile. Majina ya miezi ya Kiswahili hayakukaa kujadiliwa katika ofisi za kampuni hizo kila moja kwa wakati wake. Yalifika yakiwa ndani ya mzigo.

4.0 Kiswahili cha Kongo Ndani ya Mzigo

4.1 Faili lililokuwapo

Katika CLDR Kiswahili kina faili kuu lenye alama sw, na chini yake mna mafaili madogo ya nchi: Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Faili dogo huandika tofauti tu. Yasiyotajwa hurithiwa kutoka faili kuu. Hata hivyo, Kiswahili cha Kongo hakikuanza kama tawi. Orodha ya kimataifa ya lugha ya ISO 639-3 inakipa alama yake, swc, tofauti na swh ya Kiswahili kingine, na katika matoleo ya mwanzoni mwa muongo wa 2010 CLDR ilikuwa na faili linalojitegemea kwa alama hiyo.

Yaliyomo katika faili hilo yanastahili kuangaliwa na mwanaisimu. Januari iliandikwa mwezi ya kwanja, Aprili mwezi ya ine, na Agosti mwezi ya munane. Asubuhi ilikuwa asubuyi, na mchana muchana. Hapa panaonekana upatanisho wa ya uliotumika mahali ambapo Kiswahili sanifu kingedai wa, silabi mu isiyopoteza irabu yake, na h iliyoachia nafasi yake y. Si makosa ya uchapaji. Ni sifa ambazo wachunguzi wa lahaja za mashariki mwa Kongo wamezieleza kwa muda mrefu.

La maana zaidi ni majina ya siku. Jumapili iliitwa siku ya yenga, neno lenye uhusiano na eyenga la Kilingala. Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza, Jumanne siku ya pili, Jumatano siku ya tatu. Msomaji wa pwani atasita hapo. Kwake hesabu ya juma inaanza Jumamosi, hivyo tatu iliyomo katika Jumatatu ni siku ya tatu tangu hapo. Katika hesabu ya Kongo tatu ni Jumatano. Watu wawili wanaosema Kiswahili, kila mmoja akiwa sahihi kwa desturi ya kwao, wanaweza kuagana kukutana siku ya tatu na kupishana kwa siku mbili.

4.2 Faili lililounganishwa

Baadaye alama swc ilifanywa kuwa jina la pili la sw_CD, yaani Kiswahili kama kitumikavyo Kongo, na tawi hilo likawekwa chini ya faili kuu. Majina ya siku na miezi yakawa yale ya Kiswahili sanifu: Jumapili, Jumatatu, Januari, Februari. Mwezi ya kwanja na siku ya yenga zikatoka.

Uamuzi huo una hoja zake. Lugha inayoandikwa kwa namna moja hurahisisha uchapaji wa vitabu na mawasiliano ya kikanda, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Tena lahaja za Bunia, Goma, Bukavu na Lubumbashi hazilingani, na si rahisi faili moja kuzisemea zote. Kwa upande wa pili, Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, na wasemaji wa lugha hiyo ya taifa wana haki ya kuulizwa inavyopasa kuandikwa. Makala haya hayakusudii kuamua upande upi una haki zaidi. Linalosisitizwa ni kwamba uamuzi wa sera ya lugha ulifanyika ndani ya hazina ya data, kisha ukasambazwa na wahandisi waliokuwa wakihamisha maktaba tu.

4.3 Tofauti zilizobaki

Muungano haukufuta kila tofauti. Faili la sw_CD bado lina desturi ya tarakimu iliyotokana na Kifaransa: mkato hutenganisha sehemu za desimali, na nukta hutenganisha maelfu. Faili kuu la Kiswahili lina kinyume chake, kwa kufuata desturi ya Kiingereza iliyozoeleka Tanzania, Kenya na Uganda. Jambo hili laonekana dogo, lakini sehemu ifuatayo inaonyesha uzito wake.

5.0 Mubi: Maktaba Inapofika Sokoni

Mubi iko katika barabara itokayo Walikale kuelekea Kisangani. Wenyeji wa eneo hilo wana lugha zao, miongoni mwazo Kinyanga, na jirani zao wa Masisi wana Kihunde na Kinyarwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni. Mji huu ulipata umaarufu kutokana na kasiterite, yaani mawe ya bati, yaliyokuwa yakichimbwa kwa mikono katika mlima wa Bisie tangu miaka ya mwanzo ya 2000 na kubebwa kwa miguu kupitia msituni hadi barabarani. Mwaka 2019 mgodi wa kiwanda ulianza uzalishaji huko Bisie. Bati ndiyo sehemu kuu ya risasi inayounganisha vipande vya kompyuta na simu juu ya ubao wake. Kwa hiyo nchi ya Walikale imo ndani ya vyombo hivi kwa madini. Swali ni kama imo kwa lugha.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mnunuzi wa madini Mubi anatumia simu yenye programu ya kuandika uzito. Programu inaandika 1.250 mbele ya neno kilo. Kwa desturi ya Kongo hizo ni kilo elfu moja mia mbili na hamsini. Kwa desturi ya Tanzania au Uganda ni kilo moja na robo. Tofauti ni mara elfu moja. Macho ya mnunuzi mzoefu yatalitambua kosa la ukubwa huo akiwa na gunia mbele yake; lakini karatasi ikisafiri peke yake hadi kwa mkaguzi au mhasibu wa nchi nyingine, gunia halipo. Na katika bei ya kilo moja au asilimia ya bati ndani ya mawe, ambapo tarakimu huwa chache, hata mzoefu anaweza kupotoka.

Sasa izingatiwe namna kosa hilo linavyoweza kuzaliwa bila mtu yeyote kukusudia. Data za ICU katika matoleo ya karibuni huchukua takriban megabaiti 30. Kwa mfumo wa chombo kidogo huo ni mzigo mzito, kwa hiyo anayehamisha maktaba hupunguza. Tangu toleo la 64, la mwaka 2019, maktaba yenyewe ina zana ya kuchuja data, ambapo mhandisi huandika orodha ya lugha na nchi zitakazobaki. Akiandika sw na kuamuru matawi yake yasiingizwe, au akiacha nchi anazodhani hazina wateja, tawi la sw_CD hutoka.

Hapo programu haisimami wala haitoi onyo. Utaratibu wa ICU ni kurudi nyuma: ikikosa sw_CD, hutumia sw; ikikosa na sw, hurudi kwenye shina, ambako mwezi wa kwanza huandikwa M01 tu. Mtumiaji wa Mubi ataendelea kuona Kiswahili kwenye kioo, Januari itakuwa Januari, na hatakuwa na sababu ya kushuku lolote. Lakini nukta na mkato zitakuwa zimebadilishana kazi. Kosa linalokuja na sura ya lugha ya mtu mwenyewe ni gumu kugundulika kuliko linalokuja na sura ya lugha ngeni.

Mfano huu unadhihirisha kwamba katika uhamishaji kinachokatwa kwanza ni kile kidogo kisicho na msemaji. Hakuna aliyekaa kuamua kwamba Kongo isihesabiwe. Orodha iliandikwa na mtu asiyejua, na aliyejua hakuwapo.

6.0 Nafasi ya Taaluma za Kiswahili

Si mara ya kwanza kwa vyuo vya Afrika Mashariki kukabiliana na suala la namna hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa toleo la Kiswahili la programu za ofisi lililoitwa Jambo OpenOffice. Kazi hiyo ilithibitisha kuwa wanaisimu na wahandisi wanaweza kukaa meza moja. Hata hivyo kutafsiri programu ni kazi ya juu ya maktaba. Programu iliyotafsiriwa vizuri bado huletewa tarehe na tarakimu na maktaba iliyo chini yake.

Kwa hiyo kanuni ya wahandisi iliyotajwa mwanzoni inafaa kuazimwa na taaluma za Kiswahili: rekebisha kwenye chanzo. Hazina ya CLDR hukusanya data kwa vipindi, na watu wa nje huruhusiwa kupendekeza na kupiga kura. Kura za taasisi zinazotambuliwa zina uzito kuliko za mtu mmoja mmoja. Hapa idara ya Kiswahili ina nguvu ambayo mtumiaji wa simu aliyeko Walikale hana. Kabla ya kupiga kura hiyo yapo maswali ya utafiti yanayosubiri. Je, wasemaji wa Kivu huandika majina gani ya siku katika barua, matangazo ya kanisa na daftari za biashara? Je, siku ya tatu inaeleweka vipi pale wafanyabiashara wa Goma na wa Kampala wanapokutana? Je, tawi la sw_CD lirudishiwe majina ya Kongo kama chaguo la pili? Maswali haya hayahitaji mashine kubwa. Yanahitaji mtafiti, daftari na muda wa kusikiliza.

Kwa upande wa wahandisi, hatua moja ndogo ingeokoa mengi: yeyote anayechuja data za maktaba kwa ajili ya mfumo utakaotumika Afrika Mashariki na Kati aweke matawi yote manne ya Kiswahili. Kwa kuwa tawi huandika tofauti tu, nafasi inayotumika ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara inayoepukwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba kuhamisha maktaba ya programu ni kulinganisha mashine, mahitaji, majina na matunzo baina ya mgeni na mwenyeji wake. Yameonyesha kupitia ICU kwamba mifumo mitatu mikubwa iliichukua maktaba moja kwa njia tatu, huku yote ikipokea Kiswahili kilichokwisha amuliwa mahali pengine. Kwa mfano wa Mubi imedhihirika kwamba tawi dogo la lugha linaweza kupotea kimya kimya kati ya chanzo na mtumiaji, na kwamba kupotea huko kunaweza kugeuza kilo elfu moja kuwa kilo moja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika suala hili ufa ni nukta na mkato, na uko kwenye chanzo, mahali ambapo unaweza kuzibwa na idara yoyote ya Kiswahili itakayoamua kwamba kazi hiyo ni yake.